Swali Fupi la Wakili wa Serikali

"Mama, mtoto wako alizaliwa lini?"

Mwanamke aliyekuwa kizimbani kutoa ushahidi alimtazama wakili wa serikali, akamtazama hakimu, kisha akainamia vidole vyake vilivyoshika ukingo wa mbao. Alikuwa ametoka kijijini kabla ya alfajiri na vumbi la barabara lilikuwa bado liko kwenye pindo la kanga.

"Alizaliwa mwaka ule mvua ilipovunja daraja."

Watu wawili watatu kwenye mabenchi ya nyuma walicheka. Wakili hakucheka, wala hakuruka kumsaidia. Aliitazama kalamu ya hakimu mpaka ilipotulia, ndipo akauliza tena kwa sauti ileile.

"Alipozaliwa, ulipewa karatasi yoyote pale zahanati?"

"Nilipewa kadi."

"Kadi ya nini?"

"Ya kliniki. Ya kumpimia uzito."

"Iko wapi leo?"

Mama alifungua fundo la kanga kiunoni, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake kadi iliyokunjwa mara nne. Wakili hakuipokea. Kwanza alimuuliza ataitambuaje kuwa ni yenyewe. Mama akasema ina jina la mtoto juu, na pembeni ina doa la uji, uji wenyewe ulimwagikia siku ya chanjo ya surua. Hakimu akaandika. Karani akampelekea mshtakiwa aione. Mshtakiwa akasema hana pingamizi. Kadi ikapokelewa, ikapewa namba ya kielelezo, na baada ya hapo, si kabla, wakili akaomba shahidi aisome kwa sauti. Mama alisoma tarehe, mwezi na mwaka pole pole, kidole kikifuata maandishi.

Wakati huo nilikuwa mwandishi mchanga wa habari za mahakama, nimekaa pembeni na daftari langu, nikidhani wakili anatupotezea asubuhi. Nani asiyeona kuwa yule ni mtoto? Alikuwa nje kwenye ngazi, amevaa sare ya shule ya msingi. Ilinichukua miaka ya kusoma hukumu za rufaa kuelewa nilichokuwa nimekishuhudia. Katika kosa la kumbaka msichana wa chini ya miaka 18, habari ya kukubali au kukataa haina nafasi. Umri ndio unaolifanya kosa kuwa kosa. Umri huohuo ndio unaopima adhabu: miaka 30 gerezani, au kifungo cha maisha ikiwa mtoto hajafika miaka 10. Na umri hauthibitishwi kwa kuandikwa kwenye hati ya mashtaka, wala kwa hakimu kuandika juu ya ukurasa kwamba shahidi ni wa miaka 11. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelirudia hilo mara nyingi. Lazima usemwe na mtu anayeujua: mzazi, ndugu, daktari, mwathirika mwenyewe, au zioneshwe nyaraka. Zipo kesi zilizoporomoka huko juu kwa kukosa swali hilo la maneno matano. Mtoto alisimama, akaeleza yaliyompata, akaaminiwa. Miaka ikapita, majaji watatu wakafungua kumbukumbu za shauri, wakautafuta umri, wasiuone.

Tangu nilipoelewa hivyo, nimekuwa nikienda mahakamani kuwatazama waendesha mashtaka kama wengine wanavyokwenda Bagamoyo kuwatazama waunda majahazi. Nataka kuona ubao unavyokaa juu ya ubao.

Kalamu ya hakimu ndiyo inayoshika mwendo wa kazi yote. Kwa miaka mingi hakimu wetu aliandika kila neno kwa mkono, na aliliandika kwa Kiingereza huku shahidi akisema Kiswahili, au Kisukuma kilichopita kwanza kwa mkalimani. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na mzigo wa tafsiri ukaanza kupungua. Lakini jambo moja liko palepale: majaji wa rufaa hawatamwona yule mama. Hawatasikia sauti yake ilivyokatika. Watasoma kilichoandikwa, basi. Wakili wa serikali aliyeiva anauliza swali la jambo moja, anasubiri liandikwe, ndipo anauliza linalofuata. Asiyeiva anauliza mambo matatu kwa pamoja, shahidi anajibu moja na nusu, hakimu anaandika nusu.

Siku nyingine nilimsikiliza wakili mwingine, kijana, akimwongoza shahidi wa ujambazi wa usiku. Nyumba ilivamiwa saa 8 usiku na mwenye nyumba alisema amemtambua mmoja wao.

"Ulimtambuaje?"

"Kwa taa."

"Taa gani?"

"Ya sola."

"Ilikuwa wapi?"

"Juu, kwenye kenchi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kitandani, nimeinuka nusu."

"Kutoka hapo ulipokuwa mpaka aliposimama yeye, ni umbali gani?"

"Kama hapa mpaka pale kwa karani."

Hapo kijana akageuka. "Mheshimiwa, shahidi anaonesha umbali wa kama hatua nne." Hakimu akakubali kwa kichwa, akaandika hatua nne. Maana "hapa mpaka pale" haisomeki kwenye karatasi. Mkono ulionyooshwa hauingii kwenye kumbukumbu mpaka mtu autafsiri kuwa maneno. Kisha akaendelea: ulimtazama kwa muda gani, alikuwa amefunika uso, ulikuwa unamfahamu kabla, ulimfahamu wapi, polisi walipofika uliwatajia jina gani.

Maswali hayo ana mahali alipoyatoa. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilionya kuwa ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu sana, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Ikataja mambo ya kupimwa: muda, umbali, mwanga, kufahamiana kabla. Kila mwanafunzi wa sheria nchini amekariri orodha hiyo. Kuikariri ni kazi ndogo. Kazi ni kuigeuza iwe mazungumzo na mkulima ambaye bado anatetemeka akikumbuka usiku ule, bila kumtia jibu mdomoni. Wakili haruhusiwi kumuuliza shahidi wake, "Taa ilikuwa inawaka sana, siyo?" Hilo ni swali lililobeba jibu lake mgongoni, na wakili wa utetezi atasimama kabla halijaisha. Inabidi afungue mlango na kumwacha shahidi apite mwenyewe, akiwa hana hakika kamili shahidi atatokea upande gani. Nimewaona mawakili wakikaza taya pale shahidi aliposema jambo lisilokuwemo kwenye maelezo yake ya polisi. Wazuri wao wanaendelea na swali linalofuata kana kwamba hakikutokea kitu, na jioni wanarudi kwenye jalada.

Kwenye jalada ndiko kazi inakoanzia, na tunda la kwanza la jalada ni karatasi moja ambayo wengi hatuitazami mara mbili. Hati ya mashtaka kwa kawaida haizidi ukurasa, mara nyingi ni nusu. Ina jina la mahakama, majina ya washtakiwa, taarifa ya kosa pamoja na kifungu cha sheria kilichovunjwa, kisha maelezo ya kosa: nani, tarehe gani, mahali gani, wilaya gani, alifanya nini, kwa nani, kwa kitu gani. Haina nafasi ya hadithi. Lakini kila neno ndani yake ni deni. Ukiandika kuwa mtu aliiba pikipiki, una deni la kuthibitisha kuwa ilikuwepo, ilikuwa ya nani, ilichukuliwa bila ruhusa, na aliyeichukua ni huyu. Ukiandika tarehe, umejifunga kwa tarehe.

Nalijua deni hilo kwa machungu ya nyumbani. Mjomba wangu aliibiwa ng'ombe. Washukiwa walikamatwa, ng'ombe wakapatikana, kijiji kizima kikajua mwizi ni nani. Kwenye hati ya mashtaka ikaandikwa ng'ombe wanne. Mjomba, ambaye angeweza kukutajia ukoo wa kila ndama aliyezaliwa zizini kwake, alisimama akasema watano, na alama zao akazitaja. Shahidi wa pili akataja usiku tofauti na ule ulioandikwa. Aliyekuwa akiendesha mashtaka alisikia yote hayo na hakuinuka. Sheria ilimpa njia: kabla ya hukumu, hati inaweza kubadilishwa ioane na ushahidi, mshtakiwa asomewe upya na ajibu upya, na mashahidi waweze kuitwa tena. Hakuiomba njia hiyo. Washtakiwa wakaachiwa, kwa haki kabisa kisheria, na mjomba akamlaumu hakimu mpaka anaingia kaburini. Sikuwahi kupata moyo wa kumwambia kwamba hakimu hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la sikio la mtu mmoja lililosikia "watano" na mkono usiishike kalamu.

Kwa hiyo ninaposifu ufundi huu, cha kwanza ninachosifu ni usikivu. Watu hudhani mwendesha mashtaka ni mtu wa kusema. Anasema, lakini kila anachosema kimekatwa kwa kipimo cha alichokisikia.

Nchi hii imewahi kuwa uwanja wa somo kubwa la usikivu huo. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na makao yake yakawekwa Arusha, ndani ya majengo ya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano. Januari 1997 ilianza kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Taba wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Hati ya mashtaka ilikuwa na makosa 12. Ubakaji haukuwemo.

Kisha akapanda mwanamke aliyejulikana mahakamani kwa herufi J tu. Akiwa anaeleza jinsi wauaji walivyokuja, alisema binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanamgambo watatu wa Interahamwe. Upande wa mashtaka haukuwa umejenga kesi yake juu ya jambo hilo. Majaji walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Walimuuliza zaidi, naye akasema alikuwa amesikia kuwa wasichana walibakwa pale ofisi ya komuni. Baadaye akaja shahidi H, akasema yeye mwenyewe alibakwa kwenye shamba la mtama, na kwamba nje ya uzio wa ofisi ya komuni aliwaona wanawake wengine wakitendewa hivyohivyo.

Fikiria ulipo kama wewe ndiye mwendesha mashtaka. Kesi inakwenda. Una hati iliyoidhinishwa, mashahidi wamepangwa, mshtakiwa anaonekana kuzidiwa na ushahidi wa mauaji. Kuifungua hati katikati ya safari ni kujitafutia kazi, na ni kukiri mbele ya dunia kwamba wapelelezi wako walipita kwenye nyumba za wanawake hawa wasiulize, au waliuliza vibaya. Pierre-Richard Prosper na wenzake waliifungua. Walikiri kwamba ushahidi wa kumuunganisha mshtakiwa na vitendo hivyo haukuwa umetosha mwanzoni, na kwamba huenda sababu ni aibu wanayobebeshwa waliotendewa, pamoja na upelelezi uliokosa staha ya kuwasikiliza. Tarehe 17 Juni 1997 hati ikabadilishwa, makosa yakawa 15. Mashahidi wakaitwa. Tarehe 2 Septemba 1998, Arusha, Akayesu alitiwa hatiani kwa makosa 9 kati ya hayo 15, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikasema kuwa ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mwezi mmoja baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha.

Hukumu hiyo inasomeshwa duniani kote kwa ajili ya sheria iliyomo. Mimi huwa nairudia kwa ajili ya hati. Wanawake wawili walisema jambo ambalo hapakuwa na mstari wa kuliandikia, na watu waliokuwa na kalamu wakauongeza mstari. Makosa sita yaliyobaki Akayesu aliachiwa, na hilo nalo ni sehemu ya kazi nzuri: kila kosa lilipimwa kwa uzito wake.

Nirudi kwenye vyumba vyetu vyenye feni moja na dirisha lisilofunga vizuri.

Mara nyingi kesi ni ya pakiti. Bangi, mirungi, unga. Hapa ufundi unakuwa wa kuhesabu mikono. Askari amekamata, amejaza hati ya ukamataji mali, shahidi huru amesaini, mtuhumiwa amesaini. Kisha nani alipokea kituoni? Aliweka wapi? Alimkabidhi nani kupeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, tarehe gani, ikiwa imefungwa kwa lakiri ya namna gani? Nani aliirudisha? Katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa mlolongo huo unapaswa kuwa na kumbukumbu zinazofuatana kwa wakati, tangu kitu kinakamatwa hadi kinafika mahakamani. Baadaye ikafafanua kuwa vitu visivyobadilika kirahisi mkononi havidai ukali uleule. Ng'ombe wa mjomba hawezi kubadilishwa njiani kama unga unavyoweza kubadilishwa bahasha. Wakili mmoja wa serikali aliniambia huchora mlolongo huo kwa penseli nyuma ya jalada: duara kwa kila mtu, mshale kwa kila makabidhiano, tarehe juu ya mshale. Mshale ukikosa tarehe, anapiga simu kwa mpelelezi. Duara likikosa shahidi, haendi mahakamani siku hiyo. Alinionesha moja. Maduara saba, mishale sita, na juu ya mshale wa nne alama ya kuuliza aliyokuwa ameizungushia mara nyingi kiasi kwamba karatasi ilianza kutoboka.

Kuna utaratibu mdogo ambao mtu wa nje hauoni kabisa. Nyaraka hazisomwi kabla hazijapokelewa, na zikishapokelewa lazima zisomwe. Ripoti ya daktari kwenye fomu ya PF3 imeondolewa kwenye ushahidi mara nyingi sana katika rufaa kwa sababu ilipokelewa, ikapewa namba, ikawekwa kwenye jalada, lakini hakuna aliyeisoma kwa sauti. Sababu yake ni ya kiutu: mshtakiwa, ambaye huenda hajui kusoma, ana haki ya kusikia karatasi inasema nini juu yake kabla haijamfunga. Ndiyo maana yule mama alisomeshwa kadi yenye doa la uji. Tarehe ile haikuwa ya hakimu peke yake. Ilikuwa pia ya yule mwanamume aliyekuwa kizimbani, aisikie, na kama anabisha, abishe.

Hayo yote hayakuwa mikononi mwa wanasheria siku zote. Kwa miongo mingi mashtaka kwenye mahakama za wilaya yaliendeshwa na maofisa wa polisi, wengine hodari kweli, lakini wakiwa ndani ya jeshi lilelile lililokamata na kupeleleza. Mwaka 2005 Katiba iliongezwa Ibara ya 59B, ikamtaja Mkurugenzi wa Mashtaka na kumtaka aongozwe na nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za haki, na maslahi ya umma. Sheria ya mwaka 2008 ikaijenga huduma yenyewe ya mashtaka, na Februari 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimama peke yake. Zanzibar wana Mkurugenzi wao. Wakenya waliiweka ofisi yao kwenye Ibara ya 157 ya Katiba ya 2010, kwa masharti yanayofanana na haya. Na kwenye Mahakama ya Mwanzo, ambako Watanzania wengi hukutana na sheria, kwa kawaida hakuna wakili wa serikali. Mlalamikaji anasimama mwenyewe na kueleza kilichompata.

Katika ile orodha ya Katiba, ushindi haumo. Wakili wa kawaida ana mteja, na mteja anataka ashinde. Wakili wa serikali anapojitambulisha husema anaiwakilisha Jamhuri, na Jamhuri ni pamoja na mama wa mtoto, ni pamoja na mtoto, na ni pamoja na mwanamume aliye kizimbani pia. Ndiyo maana sehemu ngumu kuliko zote za kazi hii ni kuacha. Kusoma jalada ambalo mpelelezi amelihangaikia miezi sita na kuandika kwamba ushahidi hautoshi. Kumpokea ndugu wa marehemu ofisini na kumweleza hivyo ana kwa ana.

Uwezo wa kuacha ni mkubwa. Mkurugenzi anaweza kuieleza mahakama, wakati wowote kabla ya hukumu, kwamba hana nia ya kuendelea, na mahakama haimdai sababu. Mshtakiwa anaachiwa, lakini anaweza kushtakiwa tena. Nimewahi kuona mtu akiachiwa asubuhi kwa karatasi hiyo na kukamatwa tena kabla hajamaliza ngazi za mahakama, mkewe ameshika mfuko wa nguo alizokuja kumpokelea. Sijasahau uso wa yule mwanamke. Na nimeshuhudia "upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine" ikirudiwa mpaka mahabusu akaijua kuliko jina la hakimu. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili, ukiacha makosa makubwa, kesi isifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Ilikuwa hatua niliyoisubiri kwa miaka, kwa sababu chombo hiki cha mashtaka kikishikwa na mkono mzembe kinakata pasipotakiwa kukatwa, na anayekatwa hana pa kwenda kulalamika ila kwa yuleyule.

Nimewahi kumuuliza wakili mwenye miaka mingi kazini ni kesi gani anajivunia. Nilitegemea mauaji, au ufisadi wa mabilioni. Alifikiri kidogo akasema ni jalada la wizi wa duka ambalo hakulipeleka mahakamani. Muuza duka alikuwa amemtaja kijana wake wa kazi, polisi wakamkamata, na kila kitu kilikuwa kimenyooka isipokuwa daftari la mauzo: hesabu ya upungufu ilianza wiki mbili kabla kijana hajaajiriwa. Ilikuwa kwenye ukurasa wa 40 wa jalada, kwa mwandiko mbaya. "Ningeweza kutoiona," alisema. "Hakuna ambaye angeniuliza."

Asubuhi ile ya kadi ya kliniki, baada ya mama kushuka kizimbani, aliitwa mtoto. Wakati ule mtoto asiyezidi miaka 14 alihojiwa kwanza na hakimu kuona kama anaelewa maana ya kiapo. Tangu 2016 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima kwanza aahidi kusema kweli. Wakili aliomba chumba kifungwe na sisi sote tukatoka, kwa hiyo sijui aliuliza nini humo ndani. Mlango ulikuwa mwembamba. Nilichosikia ni sauti yake ya chini, fupi, kisha kimya kirefu, kisha sauti nyembamba ikijibu, kisha kimya tena cha kusubiri kalamu. Hakuharakisha hata mara moja. Ilichukua saa nzima na zaidi.

Tuliporudi ndani alikuwa amesimama palepale, na jalada lingine mkononi. Kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa amepandishwa, anatuhumiwa kuvunja nyumba, miezi minne rumande.

"Mheshimiwa, nimelipitia jalada hili. Shahidi pekee wa utambuzi alimwona mtu mgongoni, gizani, na hakutaja jina mpaka wiki moja baadaye. Jamhuri inaomba kuliondoa shauri hili."

Hakimu aliandika. Akamweleza mshtakiwa kuwa yuko huru. Kijana aliendelea kusimama, mikono kwenye ukingo wa mbao, palepale ambapo watu hushika wakisubiri tarehe nyingine, mpaka askari alipomgusa bega na kumfungulia. Wakili alikuwa ameshakaa. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa tarehe kwenye hati iliyofuata, midomo ikisogea bila sauti, akiilinganisha na tarehe iliyokuwa kwenye maelezo ya shahidi.